Nyongeza Ndogo ya Mshahara Katika Kampuni Kubwa: Namna ya Kuihesabu, Kuihoji na Kuomba Mapitio

Kila mwaka, kati ya Machi na Aprili, katika kampuni kubwa ambazo mwaka wao wa fedha huishia Desemba, wafanyakazi huitwa mmoja mmoja, hukabidhiwa bahasha iliyofungwa na kusaini daftarini kwamba wameipokea. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la mishahara la kampuni moja ya aina hiyo jijini Dar es Salaam, na siku ya bahasha niliitambua kwa kusikiliza tu: kantini, ambayo mchana huwa na kelele nyingi, ilikuwa kimya. Siku mojawapo fundi mitambo mmoja, mtu mzima aliyekuwa na miaka 11 kazini, alinifuata na barua yake, akaigeuza nyuma na kunionyesha hesabu aliyoiandika kwa kalamu: ongezeko lake lote la mwezi, likigawanywa kwa siku za kazi, halikufikia nauli ya kwenda na kurudi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii namba kaipanga nani, na kaipanga lini?"

Katika manung'uniko yote niliyoyasikia mwezi ule, hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Mfanyakazi anapoifungua barua, namba iliyomo ina umri wa miezi mitano au sita; imekwisha kupita kwa mkuu wa idara, kwa idara ya rasilimali watu, kwa mkurugenzi wa fedha na kwenye bodi. Hasira ya Aprili huangukia mlango uliofungwa tangu Oktoba. Mwongozo huu unaeleza mambo ya kufanya na wakati wa kuyafanya, kwa mfanyakazi wa sekta binafsi wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi, ingawa sehemu kubwa ya ushauri wa hapa inafaa huko pia.

Anza na slipu, kabla ya kuzungumza na yeyote

Barua ya nyongeza huandikwa kwa asilimia, na asilimia huficha mengi. Chukua slipu mbili za mshahara, ya mwezi wa kabla ya nyongeza na ya mwezi ambao nyongeza imeanza, uziweke sambamba na kuzifuata mstari kwa mstari. Tuchukue mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000, asiye na posho, ambaye bado analipa mkopo wa elimu ya juu na amepewa nyongeza ya asilimia 4.

Barua inamwambia kwamba ameongezewa shilingi 36,000. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao ni asilimia 10, unapanda kutoka shilingi 90,000 hadi 93,600. Kodi ya ajira, ile tuliyozoea kuiita PAYE, hukokotolewa baada ya mchango huo kuondolewa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mwenye kipato cha kodi cha kati ya shilingi 760,000 na 1,000,000 hutozwa shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kile kinachozidi 760,000, kwa hiyo kodi ya mtu wetu inapanda kutoka shilingi 80,500 hadi 88,600. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo inapanda kutoka shilingi 135,000 hadi 140,400. Kilichokuwa kikibaki mkononi ni shilingi 594,500. Sasa kinabaki shilingi 613,400. Kati ya zile 36,000 za kwenye barua, shilingi 18,900 ndizo zilizofika nyumbani. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni kama shilingi 727 kwa siku. Nauli ya daladala jijini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 hadi shilingi 600, maana yake nyongeza ya mwaka mzima inamfikisha kazini na kumbakizia shilingi 127 za kurudia.

Hesabu hii ina matumizi mawili, na ni vema kuyatenganisha. Namba ya mkononi ni ya kupangia matumizi ya nyumbani, na ndiyo inayoeleza kwa nini mwenzi wako hakuona tofauti yoyote mwisho wa mwezi. Mbele ya mwajiri, hata hivyo, zungumza kwa mshahara wa msingi, kwa sababu makato ya kodi na mkopo hayakupangwa na kampuni, na ukianza nayo utajibiwa kwa sentensi moja kwamba uende ukawaulize wanaokata. Kampuni yenyewe inaona gharama ya shilingi 36,000 pamoja na mchango wake wa NSSF juu yake. Mkianza kubishana kila mmoja akiwa na namba yake, hamtafika popote.

Hatua inayofuata ni kuipima nyongeza kwa bei za vitu. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mfumuko wa bei wa wastani ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Aliyekuwa akipata shilingi 900,000 mwaka 2021 alihitaji kufika takribani shilingi 1,004,600 mwaka 2024 ili anunue vitu vilevile alivyokuwa akinunua. Ikiwa katika miaka hiyo mitatu alipewa asilimia 3 kila mwaka, mshahara wake ulifika kama shilingi 983,500. Kwa maandishi ameongezewa mara tatu, na kila mara amepewa barua ya pongezi. Kwa uwezo wa kununua amerudi nyuma kwa zaidi ya shilingi 21,000 kila mwezi. Hiki ndicho kipimo ninachowasihi watu wakifanye kwa miaka mitatu hadi mitano iliyopita badala ya mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka mmoja unaweza kutetewa kwa sababu yoyote, lakini mfululizo wa miaka mitano ni mwenendo, na mwenendo humlazimu mtu kuueleza.

Jambo la mwisho kwenye slipu ni mahali ilipowekwa nyongeza. Kuna kampuni ambazo huongeza posho ya usafiri au ya nyumba na kuuacha mshahara wa msingi ulivyo, na mfanyakazi hushukuru kwa sababu jumla imepanda. Chunguza kwa makini. Saa za ziada, ambazo kwa sheria hulipwa mara moja na nusu, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Malipo ya siku za likizo zilizobaki mtu anapoacha kazi hali kadhalika. Na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, yaani siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi kufikia miaka 10, nacho hutoka kwenye msingi huohuo. Mtu wa shilingi 900,000 anayefanya kazi saa 45 kwa wiki hulipwa kama shilingi 6,923 kwa saa moja ya ziada. Akiwa na shilingi 936,000 hulipwa shilingi 7,200. Zile 36,000 zingekuja kama posho, saa yake ya ziada isingeongezeka hata senti moja, na posho ya fedha taslimu kwa kawaida nayo hukatwa kodi.

Namba hupangwa lini, na nani

Katika kampuni nyingi kubwa hakuna mtu anayekaa na kujiuliza, "Fulani anastahili kuongezewa kiasi gani?" Kinachotangulia ni mfuko. Kati ya Agosti na Oktoba, bajeti ya mwaka unaofuata inapoandaliwa, uongozi hukubaliana kwamba jumla ya mishahara yote itapanda kwa asilimia fulani, na kila idara hugawiwa fungu lake. Chukua idara ya watu 20 ambao jumla ya mishahara yao ni shilingi milioni 18 kwa mwezi. Mfuko wa asilimia 5 unampa mkuu wa idara shilingi 900,000 za kugawa. Akitaka kuwapa watatu waliofanya vizuri sana asilimia 12 kila mmoja, shilingi 324,000 zimekwisha, na wale 17 waliobaki wanagawana shilingi 576,000, ambazo hazifiki hata asilimia 4. Ndiyo maana bosi anayekusifu mbele ya watu anaweza kukukabidhi barua yenye namba inayokuudhi, na asiwe mnafiki. Anagawa mkate ambao hakuukata yeye. Kwa kampuni ambazo mwaka wao wa fedha huanza Julai, bajeti hupangwa kati ya Februari na Aprili na barua hutoka Julai au Agosti. Jua kalenda ya kampuni yako. Anayewasilisha hoja wakati fungu linaombwa anampa bosi wake sababu ya kuomba zaidi. Anayesubiri barua anamwomba amnyang'anye mwenzake.

Chini ya mfuko kuna daraja. Kampuni zenye mfumo rasmi huweka kila kazi katika daraja la mshahara lenye sakafu, katikati na dari, na asilimia ya nyongeza hutegemea tathmini ya utendaji pamoja na mahali ulipo ndani ya daraja hilo. Wawili waliopata alama sawa za tathmini, mmoja akiwa karibu na sakafu na mwingine karibu na dari, hawatapewa asilimia sawa; wa chini huvutwa juu haraka, na wa juu huongezewa kidogo kidogo mpaka afike ukutani. Akishafika dari, kampuni nyingine humpa kiasi kidogo cha mara moja kwa mwaka, nyingine hazimpi kitu.

Hapa ndipo lilipokuwa jibu la yule fundi. Nilipofungua jedwali niliona mshahara wake uko hatua chache tu chini ya dari la daraja lake, na umekuwa hapo kwa miaka minne. Tathmini zake zote zilikuwa nzuri. Kila mwaka alikwenda nyumbani akiamini kwamba asipojituma zaidi hataongezewa, na kila mwaka alijituma zaidi, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kumweleza kwamba katika daraja lile kujituma kusingemwongezea chochote. Hilo liliniuma na linaniuma bado, kwa sababu kumweleza kungechukua dakika tano. Alikuwa hana haja ya kuomba nyongeza. Alikuwa na haja ya kuomba kubadilishiwa daraja, na hayo ni maombi mawili tofauti yanayopita kwa watu tofauti.

Basi kabla hujaomba lolote, muulize afisa rasilimali watu maswali matatu, kwa adabu na ikiwezekana kwa barua pepe ili majibu yabaki: kazi yangu iko daraja gani, mshahara wangu uko sehemu gani ya daraja hilo, na tathmini yangu ya mwaka uliopita iliingizwa katika mfumo kwa alama gani. Swali la tatu lisidharauliwe. Nimeona alama zilizokubaliwa kati ya mtu na msimamizi wake zikishushwa baadaye katika kikao cha wakuu wa idara, kwa maelezo kwamba waliopata alama za juu wamekuwa wengi mno, na mwenye alama asijue mpaka siku ya bahasha.

Kuna pia maumivu ya waliokaa muda mrefu ambayo hayatokani na daraja. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi inapotolewa, kama iliyoanza kutumika Januari 2023 na iliyoifuata kuanzia Januari 2026, walio chini husogezwa juu kwa mkupuo kwa sababu sheria inalazimisha, ilhali aliye hatua moja juu yao hubaki alipokuwa. Aliyeajiriwa mwezi uliopita anajikuta karibu sawa na aliyemfundisha kazi. Watumishi wa umma waliyajua haya Julai 2022: Mei ya mwaka ule ilitangazwa asilimia 23.3, wengi wakaisubiri, slipu zilipotoka wakakuta kwamba asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini na kwamba wenye mishahara ya juu zaidi wamepata sehemu ndogo tu. Ikiwa pengo kati yako na wa chini yako limesinyaa kwa namna hii, liandike kama hoja yenye namba, kwa kuonyesha pengo la miaka mitatu iliyopita na la leo. Ni hoja ambayo uongozi huielewa upesi, kwani wanajua kwamba mkongwe akiondoka, mgeni hana wa kumfundisha.

Kuandaa hoja na kuiwasilisha

Siku ya bahasha yenyewe, pokea, saini, nenda nyumbani. Kusaini kwamba umepokea barua hakukuzuii kuomba mapitio baadaye. Usiandike katika kundi la WhatsApp la idara, hata kama ni la wafanyakazi peke yenu, maana ujumbe wa pale hufika ofisini kabla yako. Na usipunguze kasi ya kazi kimyakimya. Mgomo baridi wa mtu mmoja hauonekani kama malalamiko, unaonekana kama uzembe, na utaandikwa hivyo katika tathmini ijayo.

Katika wiki mbili zinazofuata, omba kikao cha nusu saa na msimamizi wako. Nenda na karatasi moja. Upande wa juu uwe na mfululizo wa mshahara wako wa msingi kwa miaka mitatu hadi mitano na mfumuko wa bei wa miaka hiyo. Upande wa chini uwe na kazi ulizofanya ambazo hazimo katika maelezo ya kazi yako ya ajira, kila moja ikiwa na tarehe. Watu wengi hukosea hapa. Huandika "nimejituma sana", na msimamizi hana mahali pa kuipeleka sentensi hiyo. Andika kwamba tangu Februari unakaimu nafasi ya msimamizi wa zamu bila posho ya kukaimu, kwamba umewafundisha vijana wanne mashine mpya, kwamba mashine ya pili ilikuwa ikisimama mara sita kwa mwezi na sasa husimama mara mbili. Kodi ya nyumba na ada za shule ni mzigo wa kweli, nami siudharau, lakini zisiwe hoja yako ya kwanza. Kila mfanyakazi anazo, na anayegawa mfuko hawezi kuzitumia kukutofautisha na mwingine.

Kuhusu mshahara wa mwenzako, uwe mwangalifu. Kusema "fulani analipwa zaidi yangu" humgeuza bosi kuwa mpelelezi wa aliyekuambia. Sema badala yake kwamba unaomba kulinganishwa na wengine wa daraja lako wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Na ikiwa tofauti inafuata jinsia, umri, ujauzito, ulemavu, dini au kabila, jambo hilo limetoka nje ya mazungumzo ya nyongeza: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa namna hiyo na inamtaka mwajiri kuhakikisha wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Jibu utakalopewa mara nyingi zaidi ni kwamba bajeti imefungwa. Usilipinge, kwa sababu pengine ni kweli. Sema, "Nimekuelewa, mkuu. Basi naomba tukubaliane leo ni mambo gani nikiyatimiza kufikia Agosti utaniombea mapitio ya daraja wakati wa bajeti, na naomba nikuandikie hayo tuliyokubaliana." Kisha andika siku hiyohiyo. Kikao kisichoandikwa kinasahauliwa na wote wawili, na wakuu wa idara huhamishwa. Barua yenyewe iwe fupi, kama hivi:

*YAH: OMBI LA MAPITIO YA DARAJA LA MSHAHARA*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekuwa mwajiriwa wa kampuni tangu mwaka 2014 katika nafasi ya Fundi Mitambo. Tangu tarehe 3 Februari nimekuwa nikitekeleza pia majukumu ya Msimamizi wa Zamu, kama inavyoonekana katika ratiba za zamu zilizoambatishwa. Mshahara wangu umekaribia kiwango cha juu cha daraja langu la sasa, hivyo nyongeza za kawaida za mwaka haziwezi kuakisi majukumu haya. Kwa barua hii ninaomba kazi yangu ifanyiwe tathmini upya na, itakapoonekana inafaa, nipangiwe daraja linalolingana na majukumu ninayoyatekeleza kuanzia mwaka ujao wa fedha. Nipo tayari kutoa maelezo zaidi nitakapohitajika.*

Ipitishe kwa msimamizi wako, nakala iende rasilimali watu, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri, mwaka ukipita, haikuandikwa.

Kuwa tayari na ombi la pili iwapo la kwanza litakataliwa. Posho ya kukaimu kwa miezi uliyokwisha kufanya kazi, bima ya afya kuongezwa mzazi mmoja, mafunzo yanayolipiwa na kampuni ambayo yatakusogeza daraja la juu: haya mara nyingi hutoka kwenye mafungu mengine ya bajeti, na mkuu wa idara anaweza kuyaidhinisha hata mfuko wa mishahara ukiwa umefungwa.

Ikiwa wote mmepewa kidogo

Yote niliyoeleza hadi hapa yanaweza kumsogeza mtu mmoja. Hayawezi kuubadilisha ukubwa wa mfuko. Kampuni ikiamua kwamba nyongeza ya wote ni asilimia 3, hata mngeandika barua 400 nzuri namna gani, mngekuwa mnagombea asilimia 3 ileile. Kinachobadilisha mfuko ni majadiliano ya pamoja, na sheria imeyawekea njia ambayo nasikitika kuona wafanyakazi wa ofisini wakiidhania kuwa ni ya viwandani tu.

Kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Kwa viwanda, biashara, benki na huduma, TUICO ni mojawapo ya vyama vinavyojulikana zaidi. Migodini na katika ujenzi kuna TAMICO. Chama kinapokuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la majadiliano, kina haki ya kutambuliwa kama wakala pekee wa kujadiliana na mwajiri, na mwajiri analazimika kujadiliana kwa nia njema na kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Hapo ndipo takwimu ambazo mtu mmoja hawezi kuonyeshwa zinapoweza kuwekwa mezani. Makubaliano huandikwa katika mkataba wa hali bora, ambao huwafunga pande zote, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Kama kampuni yenu ina mkataba huo, omba nakala kwa mwenyekiti wa tawi na usome kipengele cha mishahara kabla ya kulalamika. Nimeshuhudia watu wakinung'unikia asilimia ambayo wawakilishi wao waliisaini miezi mitatu kabla, katika mkutano ambao wanachama wengi hawakuhudhuria.

Tofautisheni pia aina mbili za mgogoro. Kampuni isipolipa nyongeza iliyokwisha kuandikwa katika mkataba wa ajira au wa hali bora, huo ni mgogoro wa haki, na unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu ya CMA F.1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoibuka. Kutaka kampuni itoe nyongeza kubwa zaidi ya ile iliyokubaliwa ni mgogoro wa maslahi. CMA itausuluhisha, lakini hakuna kifungu kinachompa msuluhishi mamlaka ya kuamuru asilimia 10 kwa sababu tu asilimia 3 ni ndogo. Usuluhishi ukishindikana baada ya siku 30, wanachama wanaweza kupiga kura ya kugoma na kumpa mwajiri notisi ya saa 48. Mgomo uliofuata utaratibu huo unalindwa, ingawa mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo kazi haikufanyika. Na wale walio katika huduma muhimu, kama maji na umeme, wana masharti yao. Kuacha mashine na kutoka getini siku ya bahasha hakumo katika utaratibu huo, na watu wamepoteza ajira kwa kutolijua hilo.

Ofa ya kwingine

Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba kampuni haitakulipa unachostahili, na soko litakulipa. Tafuta kimya ukiwa bado kazini. Ukipata ofa, ilinganishe kwa mshahara wa msingi, bima, saa za kazi na umbali, kwa kuwa nimewaona waliofuata ongezeko la shilingi 150,000 wakalitumia lote kwenye nauli na chakula cha mchana ambacho zamani walikipata kantini bure. Usiitumie ofa kumtisha bosi kama huna nia ya kuondoka; akikuambia "nenda", hutakuwa na pa kurudi. Na akikuomba ubaki kwa mshahara mpya, subiri uone barua iliyosainiwa kabla hujakataa ofa uliyonayo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba wake unasema muda mrefu zaidi. Ondoka na cheti cha utumishi, malipo ya likizo ambayo hukuitumia, na taarifa ya michango yako ya NSSF iliyohakikiwa mwezi kwa mwezi.

Nyongeza ikishakubaliwa

Fundi yule aliwasilisha barua yake Agosti. Kazi yake ilifanyiwa tathmini Novemba, na Januari alipangiwa daraja la juu, kwa ongezeko ambalo nyongeza za kawaida zisingempa kwa miaka minne. Nilimwambia jambo moja ambalo ninamwambia kila mtu: slipu ya kwanza baada ya mabadiliko ikaguliwe siku ileile inapotoka. Tazama kama tarehe ya kuanza ni ile iliyoandikwa katika barua, kama malimbikizo ya miezi iliyopita yameingizwa, kama mchango wa NSSF umepanda kwa kiasi kinacholingana, na kama saa za ziada zimehesabiwa kwa mshahara mpya. Dosari ikionekana, nenda kwenye dawati la mishahara kabla orodha ya mwezi unaofuata haijafungwa. Kwetu ilifungwa tarehe 18.

Alikuja tarehe 16, na slipu yake imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa ovaroli. Saa zake 22 za ziada zilikuwa zimehesabiwa kwa mshahara wa zamani. Tuliketi, tukazikokotoa pamoja kwenye karatasi, akaiangalia namba mpya, akasaini fomu ya marekebisho, na mwisho wa mwezi ule tofauti yote ilikuwa kwenye akaunti yake.